Nilimfunika Leso Kama Dada, Nikamfunua Kama Kichekesho

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilimuuza mtu aliyeniamini, tena mbele ya wageni, tena siku ya furaha ya nyumba yangu. Nisikilizeni kwanza, ndipo mnitukane.

Nina saluni hapa Kiamunyi. Msichana aliyekuwa akinisaidia kusuka nitamwita Chebet, maana jina lake halisi nimeshalichafua vya kutosha. Alitoka Olenguruone. Tulipozoeana alinifungulia moyo: alizaliwa akaitwa mtoto wa kiume, lakini tangu utotoni anajijua ni msichana. Kwao walimfukuza kwa sababu hiyo. Nilimshika mkono nikamwambia siri yake nitazikwa nayo. Mdomo wangu huu!

Sasa, nina kaka yangu mdogo, dereva wa lori, ambaye ndiye mchekeshaji wa sherehe zetu. Huvaa gauni, akajaza matambara kifuani, akawa nyanya mkali anayemgombeza bwana harusi. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Kichwani mwangu, kaka na Chebet walikuwa kitu kimoja: wanaume waliovaa gauni. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Ikafika ngurario, harusi ya kimila, ya binti yangu. Sisi Wakikuyu siku hiyo wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, na bwana harusi amtambue wake. Kwetu kaka hujificha kati yao, na akifunuliwa ni kelele tupu. Asubuhi hiyo akapiga simu: lori limeharibika Salgaa, huenda asifike.

Nikamwita Chebet. "Kuja usimame na wasichana."

"Mimi, Auntie? Na wasichana wa nyumba?" Macho yalimjaa machozi. Alikimbia kwake akarudi na viatu vipya.

Mimi nikaenda kwa emsii, mwongoza sherehe, nikamnong'oneza: "Wa tatu ni mwanaume. Mfunue mwisho, ucheze na yeye kidogo." Chebet hakujua lolote!

Wakatoka watano, wamefunikwa gubigubi. Bwana harusi alipoanza kuwazunguka, simu yangu ikalia. Kaka.

"Sister, nani amechukua place yangu?"

Nikamwambia, siri na yote, tena nikicheka.

Akanifokea. "Wewe uko sawa kweli? Mimi nikivaa ile gauni niko kazi. Nikimaliza natoa, nakuwa Baba Brayo, na kila mtu anajua. Chebet haigizi, huyo ndiye yeye! Enda uambie emsii awache, saa hii!"

Emsii alikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Bwana harusi alishampata binti yangu, na vigelegele vilikuwa vimepanda. Ningeinua mkono tu, angeniona. Lakini wakwe walikuwa wakitazama, na nikaona aibu kukatiza sherehe. Nikajiambia, si ni mzaha tu? Ningependa kusema miguu iliniganda. Uongo! Niliamua kubaki pale.

"Na huyu je? Mnajua huyu ni nani?" emsii akapaza sauti. "Huyu ni mwanaume!" Akaivuta leso.

Watu waliangua kicheko, wakingoja Chebet acheze. Hakucheza. Hakumtazama emsii hata kidogo, alinitazama mimi. Kicheko kikaanza kufifia. Mzee mmoja upande wa wakwe akainuka: "Hii ni nini mmetuletea?" Vijana wakamzunguka Chebet, simu zikiwa juu, mmoja akamvuta nywele aone kama ni zake.

Aliyewasukuma vijana hao ni binti yangu, na mavazi yake yote ya bibi harusi. Alimshika Chebet mkono akampeleka jikoni. Mimi nilikuwa bado nimeshika simu, kaka akiita, "Haloo? Haloo?"

Nilipowafuata, Chebet alikuwa akivaa jaketi lake. Hakunitukana. Alisema tu, "Auntie, mimi nilidhani umeniweka pale kwa sababu mimi ni msichana."

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Video ilimfikia mwenye nyumba wake siku iyo hiyo, akamwambia ahame. Ikafika Olenguruone pia, na ndugu zake wakaanza kuulizia anakoishi, na si kwa wema. Lori lilipotengenezwa, kaka ndiye aliyembebea vitu. Amekataa kuniambia alimpeleka wapi, na ana haki. Binti yangu nikimpigia hunijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Niliomba msamaha kupitia kwa kaka. Jibu lilirudi fupi: "Mwambie nimesikia."

Wewe unayesoma haya, usirudie ujinga wangu. Mchekeshaji akimaliza kazi huvua gauni akaenda kula na wenzake. Lakini kuna mtu ambaye yuko hivyo akilala na akiamka, na akikuambia ukweli wake amekupa kisu ushike. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshazaliwa. Mimi nimepoteza wateja na usingizi, lakini hayo ni madogo. Kuna msichana mahali fulani katika nchi hii ambaye mlango ukibishwa anazima redio na kushikilia pumzi, na ni mimi niliyemfikisha hapo.