Kisima cha Makapi

Mchanga uliolowa una harufu yake, na mimi naijua kwa pua, kwa kucha na kwa meno. Nikiinusa hata sasa, narudi kwenye mto mkavu chini ya kijiji chetu, upande wa Bahi, kiangazi kile Wajerumani walipokuwa wakiipitisha reli Ugogo. Meno yangu ya utoto yalikuwa hayajaisha kung'oka. Akida, mtumishi wa serikali yao, alikuja asubuhi na askari wawili, akatuchambua kama uwele kwenye ungo. Baba na kaka zangu wakapelekwa kubeba mataruma ya reli, mama akapelekwa kuwapikia, na kisima chetu cha mtoni kikachukuliwa kwa ajili ya nyumbu wa kambi. Alipotufikia sisi tuliobaki kwenye tembe letu alitema mate. "Haya ni makapi," akasema. "Yaacheni." Makapi yenyewe ni Shangazi Nyemo, ambaye ndui ilimpofusha, Babu Chibago, mguu mmoja umepooza, na mimi, msichana mwembamba hata wenzangu waliniita Kijiti. Tuliachiwa ng'ombe saba, na bila maji wasingemaliza wiki. Nilikasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Shangazi alitaka nimshike mkono hadi mtoni, Babu akatufuata akichechemea. Alitembea akigonga mchanga kwa fimbo, akilala kifudifudi na kutega sikio, akiinuka na kusogea tena, mpaka jua likawa kali. "Chimbeni hapa," akasema. Tukachimba kwa pupa, moja kwa moja kwenda chini, na hapo ndipo tulipokosea. Alasiri mchanga uliporomoka ukanifunika hadi kifuani, na Babu akanivuta kwa kamba huku akitukana. Nililia, nikasema akida alisema kweli, sisi ni makapi. Shangazi alinishika sikio akalisokota. "Mulungu alinipa mimi masikio, babu yako akampa mikono, wewe akakupa mwili wa kupenya," akasema. "Hakumwuliza akida. Kesho tunaanza tena."

Babu alikuwa fundi wa kusuka makapu ya nafaka. Safari hii alisuka kwa fito kapu refu lisilo na kitako, upana wake mabega yangu tu, na kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Tukalisimamisha mchangani, nikaingia ndani yake na kipande cha kibuyu. Kila nilipochota mchanga, kapu lilididimia kidogo na kuzuia kuta zisianguke. Shangazi alishika kamba niliyofungwa kiunoni. Mchanga ukianza kunong'ona nje ya fito, yeye aliusikia kabla yangu, akanivuta. Siku iliyofuata miguu yangu ikapata baridi, na harufu ile ikapanda. Nilicheka mpaka nikameza mchanga. Ng'ombe walikunywa wote saba, ingawa mmoja alikunywa akiwa amelala.

Habari zilimfikia akida, akaja na askari wake. Babu alimwamkia "mbukwa" akiwa ameketi.

"Kisima hiki ni cha serikali," akida akasema.

"Sawa, bwana. Serikali na iingie ichote."

Askari alijaribu, bega likakwama. Akida akaamuru kipanuliwe. Babu akamwonyesha shimo letu la kwanza, lililoporomoka kwa kukosa kapu. Akida akasema basi atanichukua mimi. Shangazi akajizungushia kamba mkononi. "Huyu haingii bila masikio yangu, wala bila kapu la huyu mzee. Chukua makapi yote, au acha yote."

Babu alichapwa viboko kwa jeuri yetu, mimi nikitazama. Lakini akida hakuwa tayari kurudi kambini akiongoza kipofu, kiwete na Kijiti. Waliondoka. Baba aliporudi na mvua, aliwakuta ng'ombe saba.

Siku hizi wanataka kuleta bomba kijijini, na ni jambo jema. Juzi kijana wa kamati ya kijiji alipita akiandika majina ya wenye nguvu wa kuchimba mtaro. Aliniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akairuka nyumba yangu na ya jirani yangu asiyeona. Nilimwita arudi. Nikasimama mlangoni, na fimbo yangu, mpaka akaandika majina yote mawili.