Kiti cha Koko Kati ya Spika Mbili

Mwanangu, nakumbuka siku niliyomzungusha Koko Zaliha kwenye arusi ya mjukuu wake, na hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, lakini kila chombo chenye nyaya nilitaka kukifungua nijue ndani kuna nini. Baharia mmoja pale bandarini kwetu Mahajanga aliniachia amplifaya ya spika nne, kila spika na kitufe chake cha sauti. Niliringa nayo mtaa mzima.

Koko, ndivyo Wangazija wa kwetu wanavyomwita bibi, aliishi mtaa wa Antanimasaja, hapohapo mjini. Mjukuu wake Nuru alikuwa anaolewa kisiwani Nosy Be, na yeye safari hakuziweza tena. Katika ukoo wao bibi arusi hafunuliwi uso mpaka bibi yake amwimbie ana kwa ana. Basi akaniita nimrekodi. Nikatumia maikrofoni mbili: yeye katikati, wapiga matari kulia na kushoto.

"Nipeleke nilivyo," akaniambia.

Nikavukia bandari ya Antsahampano hadi kisiwani, kaseti nimeiweka kifuani kama hirizi.

Kwenye ua wa arusi nikaweka spika pembe zote nne. Kaseti ilipoanza, mikono ikaniwasha. Nikacheza na vitufe: Koko akaanzia mbele, akapita kulia, akaenda nyuma, akarudi kwa kushoto. Wageni wakageuza shingo. Mama mmoja akauliza kama tunamtafuta nzi. Nuru naye, chini ya shela, aligeuka huku na huku asijue bibi yake yuko wapi. Akaanza kulia.

Shangazi yake, Mariama, akaja akazima mashine. Hakupaza sauti.

"Kijana, mama yangu hajawahi kumwimbia mtu mgongoni."

"Nilitaka wote wamsikie, shangazi."

"Wamemsikia. Nuru ndiye hajampata."

Nikaanza upya. Spika mbili za mbele nikaziweka sawa kwa sawa, moja kushoto kwa Nuru, moja kulia. Za nyuma nikazipunguza zikabaki mvumo tu, kama ukuta unavyorudisha sauti. Hapo nami nilishangaa: matari yalikaa pande zake, na Koko akasimama katikati, pale pasipo na spika yoyote. Mariama akaweka kiti palepale. Nuru akakielekea, akatulia, akasikiliza mpaka ubeti wa mwisho. Alipofunuliwa uso alikuwa anatabasamu, na vigelegele vikaizamisha kaseti yangu.

Niliporudi Mahajanga, Koko aliuliza jambo moja tu: Nuru alitazama wapi? Nikamwambia, alikutazama wewe.

Mwanangu, ukikabidhiwa sauti ya mtu, uliza kwanza anamwimbia nani, kisha umweke mbele ya huyo. Kuwa na spika nne hakukulazimishi kumtembeza mtu kwenye zote. Nyuma iachie hewa ya mahali; uso wa mwimbaji ubaki mbele. Mungu akupe masikio mapana na mikono yenye subira, na siku ya furaha yako asikosekane wa kukuimbia usoni.