Mguu Pande, Mtihani wa Suti ya Baba

Sisi tuliosoma kabla simu hazijaingia mfukoni tunajua kwamba shule ya ufundi haikuwa shule ya kujisifia. Kwetu Morogoro, mwenye alama nzuri alikwenda sekondari ya kawaida, sisi wengine tukaelekezwa ufundi. Kila mvulana aliomba umakanika. Nafasi zilipojaa, tuliobaki tulisukumwa ushonaji, darasa lenye cherehani nyingi kuliko wanafunzi. Wasichana walitupokea kwa makofi: "Karibuni, akina dada!"

Lakini raha ya darasa lile! Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kipya, chaki ya bluu vidoleni, uji wa saa nne wenye vipande vya nyuzi ndani na hakuna aliyejali. Mwalimu wetu, Mama Zuhura, alipita katikati yetu na pini zimejaa mdomoni, na bado aliweza kutugombeza.

Baba yangu alikuwa sajini wa magereza. Aliposikia nimeandikishwa ushonaji alisema: "Matokeo ya mwaka wa kwanza yakiwa mabaya, unakwenda kwa mjomba wako kuuza vitunguu." Hesabu na Kiingereza vilikuwa vimeshaniangusha. Uliobaki kuniokoa ni mtihani wa vitendo: ushone suti ya mzee wako, naye aje aivae mbele ya msimamizi, aketi, ainuke, ainue mikono. Kifungo kikiruka, umefeli.

"Na mjue," Mama Zuhura alituonya, "kila mwanamume akiona futi kamba anabana tumbo. Mpimeni akiwa amejisahau."

Baba kujisahau! Nilipomfuata uani alisimama kama yuko gwaride, kifua mbele, tumbo limerudi hadi mgongoni. "Pima." Nikamwomba apumue. "Napumua." Nikamsimulia kuhusu mwenzetu aliyeshona mguu wa suruali ukaziba chini. Hakucheka. Nikamletea chai. Aliinywa amebana.

Nikaanza kuona magunia ya vitunguu. Sijui ujasiri ulitoka wapi, lakini nilikaza sauti yangu, iliyokuwa bado inakwaruza, nikapiga amri ya kulegea ambayo yeye aliwapigia askari wake kila asubuhi: "Sajini! Mguuu... pande!"

Mwili wa baba ukatii kabla ya baba mwenyewe. Mguu ukaenda kando, mikono nyuma, na tumbo likashuka, likatua mahali pake. Mama, aliyekuwa kibarazani akipepeta mchele, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Baba Rashidi, leo umepata mkubwa wako!"

Baba akanitazama. Nilijua napigwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Pima haraka, mshenzi wewe," akasema huku akijifuta machozi ya kicheko, "kabla sijakumbuka cheo changu."

Siku ya mtihani wazee walipangwa kwenye benchi. Baba yake Juma, rafiki yangu, alipoketi tu kifungo kilichomoka kikampiga msimamizi kwenye miwani. Wangu aliketi, akainuka, akainua mikono, na kwa kuwa alishachangamka akajiongezea mguu sawa na mguu pande. Vifungo vikatulia. Nikawa wa kwanza kwa vitendo, wa mwisho kwa hesabu, na vitunguu havikutajwa tena. Baba aliivaa suti ile hata msibani, akiwahubiria majirani wapeleke watoto ushonaji. Mwaka uliofuata wavulana walijiandikisha mpaka cherehani hazikutosha.

Miguu yangu haijui kutulia. Imenipitisha miji mingi, na sasa niko Guangzhou, Uchina, nawasaidia wafanyabiashara wa nyumbani kuchagua nguo. Juzi nilikuwa Zhanqian Road, mtaa wa maduka ya nguo, na Deo, kijana wetu anayesoma chuo hapa, akitafuta suti ya baba yake. Vijana hawa ni wa ajabu: simu inawapiga picha na kuwatajia vipimo vyao, lakini kifungo kimoja kikitoka wanatupa shati zima. Akampigia mzee kwa video, muuzaji akisubiri.

"Baba, unavaa saizi gani?"

"Ya kati."

"Ya kati, na tumbo hilo?"

"Tumbo gani? Chukua ya kati, nitajibana."

Nilimwonyesha muuzaji ile kubwa kabisa. Deo akabisha: "Anko, amesema mwenyewe ya kati!"

"Wote husema hivyo," nikamjibu. "Chukua."

Ilikuwa suti nzuri, mishono yake imenyooka kuliko yangu yoyote. Kesho itapanda ndege uwanja wa Baiyun, na mzee ataivaa kabla ya wiki kwisha. Enzi zetu suti ilichukua muda. Ili umvishe baba ilibidi kwanza umzungushie mikono kiunoni, umsogelee hadi usikie harufu ya sabuni yake na kicheko kinavyopanda tumboni. Sikupata tena sababu ya kumshika hivyo.