Fomu ya Masikio

Mbinga ya miaka ile ya mwanzo wa ujamaa naikumbuka kama mahali nilipopaota. Asubuhi ukungu ulishuka ukalala barabarani, ukaingia hata ofisini kwetu, na mtu aliyekuja kutoka upande wa soko ulimsikia anakohoa kabla hujamwona. Nilikuwa karani, binti wa Pangani niliyepangiwa kazi milimani, na baridi ile ilinitia hasira kila siku mpaka saa nne. Saa nne jua lilitoka, kahawa iliyoanikwa uani kwa jirani ikaanza kunukia, nami nikawa mtu tena.

Kazi yangu mojawapo, ambayo wenzangu waliikwepa, ilikuwa kuwajazia fomu wazee waliopigana vita vya ng'ambo, huko Bama, enzi za Mwingereza. Walirudi hai, lakini mizinga ilikuwa imewaharibu masikio, na sasa palikuwa na fomu ya kudai fidia ya ulemavu. Walitoka Ukata, walikuja na basi kutoka Kitai, wengine walipanda milima kwa miguu kutoka ziwani. Walikaa kwenye benchi letu la barazani bila kusemezana. Kuku walipita miguuni pao, malori ya kahawa yakanguruma barabarani, hakuna aliyegeuka. Mara nyingine niliacha kupiga taipu nikawatazama tu, mpaka nikahisi na mimi sauti za dunia zinaniishia polepole, na sikuona vibaya.

Kati yao alikuwapo mmoja wa mwambao wa ziwa, mrefu, shati lake limenyooshwa kwa pasi ya makaa, kofia mkononi. Huyu hakuwa na haja na fidia. Kijijini kwao watu walikuwa wamekusanywa kuishi pamoja na kulima shamba la kijiji, na saa ya kwenda shambani iligongwa kwenye rimu la gari lililoning'inizwa mtini. Yeye hakulisikia. Jina lake lilikuwa limesomwa mkutanoni mara mbili kwamba ni mkaidi, anajiona bora kuliko wenzake kwa sababu amefika ng'ambo. Alitaka karatasi yenye muhuri wa serikali, isomwe mbele ya mkutano uleule.

Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, maana kusoma alijifunza jeshini: "Baba, kwa nini hukuwaambia?"

Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kisha akakikunja kile kikaratasi.

"Masikio yamechoka kidogo," alisema.

Nilimwuliza mara nyingine kwa njia nyingine, akatazama kofia yake. Kwa hiyo neno "hasikii" niliandika mimi kwenye fomu, kwa mwandiko wangu ambao siku hizo niliuona mzuri kupita wa mtu yeyote ofisini, nikampeleka chumba cha pili kwa daktari aliyetujia mara mojamoja kutoka Songea. Baada ya muda mfupi mzee alitoka akanipungia mkono, akaanza safari ya kurudi ziwani.

Jioni nilipoikusanya ile fomu nilikuta daktari ameandika: "Anasikia vizuri. Mazungumzo hayana shida."

Nilipandwa na hasira nikataka kuichana. Kwanza nilimkasirikia daktari. Halafu, na hili naliona haya mpaka leo, nilimkasirikia mzee. Nilijiambia, kumbe kijijini wanamjua kuliko mimi. Mtu gani hasikii kwa karani, akifika kwa daktari anasikia?

Alirudi wiki kadhaa baadaye kuulizia karatasi yake. Aliponikaribia niliinama kidogo kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti!" Sauti imenyooka, bila kusita.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

Hapo ndipo wazo liliponijia, nikaendelea kutabasamu vilevile, na kichwa nikakiinamisha vilevile.

"Paa la ofisi linaungua moto, baba."

"Tunamshukuru Mungu," alisema.

Nilicheka mpaka nikashika meza, naye akacheka kwa sababu aliniona nacheka, kisha kicheko kikanikauka. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi hivyo. Salamu zetu zina njia yake, na mtu aliyelelewa vizuri anaipita hata akiwa amefumba macho. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwinamia mzee, akamwamkia, akamjulia hali ya nyumbani, ya mashamba, ya safari, na mzee akamjibu kila kitu mahali pake. Wote wawili walifanya kama mama zao walivyowafundisha, na fomu ikaharibika.

Nilimweleza daktari alipokuja tena. Alicheka. "Dada, yule mzee tulizungumza naye vizuri sana." Nilimwomba ampime mara moja tu, akisimama nyuma yake. Akakubali, nadhani ili nimwache anywe chai yake.

Mzee, ambaye nilikuwa nimemwandikia arudi siku ya daktari, nilimkalisha kwenye kiti, uso dirishani. Nilimwandikia: "Tazama nje. Usigeuke mpaka nikuguse." Sikumwambia sababu. Nilijua nikimwambia hatakubali.

Huko nje ukungu ulikuwa haujaondoka. Mibuni ya bondeni ilionekana ikafichika, ikaonekana tena, naye alikuwa akiitazama kwa utulivu ulionifanya nimwonee wivu. Daktari aliingia, akasimama nyuma yake hatua mbili.

"Shikamoo, mzee."

Mabega hayakutikisika.

"Shikamoo, mzee," kwa sauti zaidi.

Mara ya tatu alipaza sauti mpaka mhudumu akachungulia mlangoni. Mzee aliinua mkono, akafuta kioo kilichoingia mvuke, akaendelea kutazama mibuni. Nilimwona daktari uso unambadilika. Alikwenda mezani kwake, akachukua fomu mpya, akaandika kirefu, akapiga muhuri. Nilisoma juu ya bega lake: masikio yote mawili, tangu vitani.

Nilimgusa mzee, nikamtoa nje hadi barazani. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nikamwekea karatasi mkononi, na kwenye kile kikaratasi cha dirishani, chini ya maneno yangu ya kwanza, nikaandika haraka: "Tumepata! Daktari alikuamkia mara tatu, hukujibu."

Nilingoja acheke. Kidole chake kilifika mwisho, kikarudi nyuma, kikasimama kwenye neno "tatu."

"Mara tatu?" aliuliza. "Yule mtoto aliniamkia mara tatu?"

Niliitikia kwa kichwa. Akageuka kurudi ndani. Nilimshika mkono wa shati, nikasema acha, baba, atabadili alichoandika, nikasema kwa sauti kubwa nikisahau ninazungumza na nani. Alijitoa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayejinasua kwenye mwiba bila kutaka kuchana nguo, akaingia.

Daktari alikuwa ameinamia fomu ya mtu mwingine. Mzee alisimama mbele ya meza, akaiweka karatasi yake yenye muhuri juu ya meza ile, wazi, kana kwamba yuko tayari kuirudisha.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba. Marahaba."

Kijana aliinua kichwa, akasimama.

"Usinihesabie ubaya," mzee akamwambia. "Mimi sisikii."