Kaburi la Mama Pale Vimbwetani

Mwezi wa Shaabani ukiingia mie nilikuwaga sikai. Naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, natoa nguo kabatini, nazirudisha, wajukuu wananicheka. Kaburi la mama lilikuwa ndani ya chuo, na kila mwaka nilikwenda kulizuru sijui kama nitalikuta.

Kabla ya chuo, kilima kile cha upande wa Madale tulikaa sie. Penye maktaba palikuwa na kisima, na aliyekichimba namjua, yeye, mkewe na watoto wao wote kwa majina. Siwataji, wajukuu wao wapo na wengine wana maneno. Siku hizi wageni wakitembezwa huoneshwa mnara wa saa, wakaambiwa chuo kilianzia hapo. Hapo tulikuwa tunaanika muhogo. Eneo lilipotakiwa tukahamishwa, sie tukaangukia Tandale. Wengi walihamisha wafu wao, wengine wakawaacha. Baba alisema mkewe ameshalala, hamwamshi.

Basi kila Shaabani tulikwenda, mie, mwanangu na jamaa wachache na kanzu zao. Tunang'oa majani, tunachoma ubani, tunasoma Yasini, tunamwagia maji, tunaondoka. Walinzi wa getini walishatuzoea.

Mwaka mmoja nikakuta peni. Zimechomekwa mchangani upande wa kichwani, nyingi, na pipi za vijiti katikati yake. Karibu na pale kuna vimbweta, yale mameza na mabenchi ya zege wanayosomea wanafunzi, na binti mmoja alikuwa amekaa na vitabu vyake. Akanipa shikamoo, nikamuuliza. Akanieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: hapo amezikwa shehe mkubwa. Wanaoingia mwaka wa kwanza huambiwa na waliowatangulia, ukikaribia mtihani uchomeke peni, na ukipita bila kusalimia unadisko, yaani unafeli mpaka unafukuzwa. Kuna kaka alipita hapo anapiga mluzi, muhula haukuisha yuko kwao.

"Hata sie Wakristo tunaweka, bibi," akasema. "Kudisko hakuangalii dini."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama yangu hakushika peni maishani mwake. Alikuwa mpika vitumbua, ngoma ya mtaa wa pili haimpiti, na shehe wetu wa msikitini akimwona kwa mbali alikuwa anabadili njia kwa kuogopa utani wake. Baadaye ndipo nikaelewa wamelitoa wapi. Walituona na kanzu na ubani, kila mwaka, kaburi moja tu. Ushehe tumempa sie wenyewe.

Mwaka jana mwanangu akaja na habari kuwa chuo kinajenga hosteli, na itapita palepale. Makaburi ya watu wa kawaida yatahamishwa kwa gharama za chuo. Lakini la shehe wanafunzi wamekataa lisiguswe, na wakubwa wa chuo hawataki lawama za dini, kwa hiyo wako tayari kulisogeza jengo. Wanataka familia ifike ithibitishe, basi.

Mwanangu alifurahi kama mtu aliyeokota.

"Mama, sikwambii useme uongo," akaniambia. "Wewe kaa kimya tu. Nitajibu mie."

Nikamwambia sawa, na tangu hapo usingizi ukanipaa. Nilitaka mama abaki. Nani anataka mamake achimbuliwe? Na akitolewa pale anakwenda Chanika, kwenye kiwanja cha mwanangu, mbali na kila mtu aliyemjua. Nikishakubali hivyo, nageuka upande wa pili wa kitanda, jambo jingine linanichoma. Wanaopita pale na Fatiha zao wanamsomea shehe ambaye hayupo. Yeye anapata nini? Nikiwaza akibaki, roho inakataa. Nikiwaza atolewe, inakataa vilevile. Nilifagia uwanja mpaka majirani wakauliza kuna shughuli gani.

Siku ikafika. Afisa wa ardhi wa chuo alikuwa kijana wa bara, mpole, akatukaribisha viti kwa heshima. Akaeleza yaleyale. Mwanangu akaitikia kila neno. Kisha yule kijana akanigeukia mie.

"Bibi, huyu marehemu shehe ni nani yako?"

Mwanangu akakohoa. Nikaangalia dirishani, nikaangalia mikono yangu.

"Ni mama yangu, baba. Hakuwa shehe. Alikuwa anapika vitumbua."

"Bibi, una uhakika?"

"Wa mama yangu mzazi?"

Mwanangu akatoka nje. Hakugombana nami, alitoka tu.

Walimhamisha asubuhi, kwa adabu, wakazungushia turubai, tukaja na shehe wa mtaani kwetu na sanda mpya. Kule Chanika nililitaja jina lake mwenyewe kwa sauti, na wote waliosoma pale walimsomea yeye. Kwa hilo moyo ulitulia, siku ile.

Haukutulia sana. Mwanangu aliniuliza mara moja, kwa upole, nikifa mie nani atakuja kote huko. Ijumaa iliyopita nimekwenda. Kuna mashamba ya mihogo na nyumba ambazo bado hazijaezekwa, hakuna anayepita. Nikang'oa majani, nikakaa, nikaona siwezi kukaa, nikasimama. Nikamwambia, mama, nimekurudishia jina lako, lakini kule vijana walikuwa wanakusalimia tangu asubuhi mpaka jioni, na hapa wa kukusalimia ni mie tu, na miguu yangu unaiona.