Dirisha la Bi Kazija

Kwa miaka thelathini Bi Kazija wa Wambaa alipika kahawa ya baraza lililokuwa nje ya dirisha lake, na hata siku moja hakulikalia. Lilikuwa baraza la wanaume. Kila baada ya Alasiri alipitisha birika na vikombe dirishani, kisha akaketi ndani kwenye kigoda chake, akasikiliza. Aliyeiba kwenye mchezo wa dhumna, yeye alimjua kwa mlio tu wa kete mezani. Na yule samaki, changu, aliyevuliwa na Mzee Salem, mmoja wa wazee wa baraza, alimsikia akizidi kukua kila mwaka katika masimulizi mpaka akafika urefu wa mlango.

"Mwongo mkubwa we!" alinong'ona Bi Kazija, akacheka peke yake.

Wazee wakafa mmoja mmoja. Vijana wakahamia kwenye banda la televisheni kule barabarani. Akabaki Mzee Salem, anakunywa kimya, na Bi Kazija ndani, hatua mbili kutoka kwake, akimngoja amtaje changu.

Leo Mzee Salem aligonga dirisha.

"Bi Kazija, kesho usinipikie. Kahawa yako haina ila, lakini mtu hakai baraza peke yake. Sina tena wa kunisikiliza."

Bi Kazija akafumbua mdomo. Changu yule alikuwa wa kiganja kimoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkaanga siku ile.

"Haya, Mzee Salem," akasema, akanyoosha mkono dirishani kupokea kikombe.