Mstari wa Damu

Kaka yangu aliuawa kwa mateke na matofali kwenye kituo cha mabasi Lindi, akidhaniwa ameiba redio ambayo mwenye nayo aliikuta baadaye chini ya kiti chake. Kaka alikuwa na kigugumizi. Waliomuuliza hawakusubiri jibu.

Miaka ile milango ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, na Kivinje nasi tukapata banda la gemu: televisheni moja, padi mbili, mkeka. Kaka alicheza gemu la kupigana, na sikuzote alimchagua mpiganaji yuleyule mwembamba, peku, asiyetamka neno. Wapiganaji wengine wakishinda walicheka na kutukana. Huyo aliinama tu.

"Hu-hu-huyu ndiye mimi," aliniambia.

Nilimcheka. Chuoni nilikuwa nimebishana na wenzangu kwamba gemu si sanaa. Ni vikatuni vinavyopigana, na maana yote tunaipachika wenyewe. Nilidhani hapo nimemaliza maneno.

Ule mstari wa kijani juu ya kioo, unaopungua kila ukipigwa, tuliuita damu; ikiisha, ulibonyeza kitufe cha stati kuanza upya.

Siku ya mazishi binamu yetu, mtoto wa shangazi, alikuja na utani wake kama desturi inavyomtaka. Alilala njiani mbele ya jeneza, akachezesha vidole gumba hewani.

"D-d-damu imekwisha," alisema. "Bonyezeni stati aamke."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, machozi yakimtoka. Mimi nilimpiga ngumi ya mdomo, nikampiga teke akiwa palepale chini, na la pili, mpaka waliponivuta. Jino lake lilibaki mchangani.

Mtani hapigwi. "Msomi mzima," shangazi aliniambia, "hata hilo hulijui?" Wazee waliamua nimpelekee jogoo tupatane. La sivyo hatakuja arobaini, na kaka ataagwa bila wa kumtania, kimya kama alivyokufa.

Nilimkuta bandani. Alimfunga jogoo mguu kwenye nguzo, akanisukumia padi, akamchagua mpiganaji wa kaka.

"Haya, msomi. Siku ile hukumaliza."

Nilichukua jitu moja pana. Binamu hakukinga hata pigo moja. Nilipiga magoti, mateke, nikamkanyaga alipoanguka. Vidole vyangu vilikuwa vinaijua kazi. Damu yake ilipobaki ncha tu, binamu alisema polepole, macho yakiwa kwenye kioo:

"Si-si-si mimi."

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Yule mwembamba alianguka, hakuinuka.

Binamu akabonyeza stati, na mwembamba akasimama tena, mzima, kama hajaguswa na mtu. Niliweka padi kwenye mkeka. Nilimwacha anipige mpaka damu yangu ikaisha. Kisha mwembamba akainama.

Binamu alimfungua jogoo, akamtia kwapani.

"Arobaini nitakuja," alisema kupitia pengo lake. "Ila wewe uje peku."